Jinsi ya Kuingiza Hifadhi ya Udongo na Kaboni Yake katika Sheria Ndogo na Bajeti ya Halmashauri

Mahindi yakishavunwa, katika vijiji vingi vya Shinyanga, Simiyu na Dodoma shamba huacha kuwa la mwenyewe kwa miezi kadhaa. Ng'ombe wa jirani huingia na kula mabua, na mwenye shamba hana la kusema, kwa sababu ng'ombe wake nao wako kwenye shamba la mwingine. Ifikapo Oktoba udongo uko uchi, upepo unapeperusha tabaka la juu, na mvua ya kwanza ikinyesha inateremka nalo mtoni. Afisa ugani aliyefundisha msimu mzima kwamba mabua yaachwe shambani ili yaurutubishe udongo huonekana kama mtu asiyeijua desturi ya mahali. Mkulima amemwelewa vizuri. Kinachomshinda ni kwamba hana mamlaka ya kuwazuia ng'ombe wa watu wengine.

Mwongozo huu ni kwa madiwani, wenyeviti na watendaji wa vijiji, maafisa kilimo na mifugo, na maafisa mipango wa halmashauri za Tanzania wanaotaka kilimo kinachotunza udongo kitoke katika mashamba darasa machache na kuenea katika kata nzima. Rai yangu ni moja: kiasi cha kaboni kinachobaki udongoni huamuliwa na nani mwenye haki ya kuondoa nini shambani, na haki hiyo hupangwa kwa sheria na kulindwa kwa bajeti. Mafunzo, miche na soko la kaboni, yaani biashara ya kuuza hati za kaboni iliyohifadhiwa, vina nafasi yake, lakini vikitangulia bila haki hiyo kupangwa, havidumu zaidi ya mradi uliovileta.

Fahamu kwanza kinachohifadhiwa

Mmea hufyonza hewa ukaa na kuigeuza kuwa majani, mabua na mizizi. Sehemu ya masalia hayo, pamoja na samadi, huozeshwa na viumbe wadogo na kuwa mboji, ambayo ndiyo ghala la kaboni ya udongo. Ni mboji hiyo hiyo inayoshika maji, inayozuia udongo usipasuke na kuganda, na inayotunza rutuba. Kwa hiyo diwani hahitaji kuwashawishi wapiga kura wake kuhusu tabianchi ya dunia ndipo wakubali hatua hizi. Maji yanayobaki shambani wakati mvua imekatika wiki tatu katikati ya msimu ni hoja inayotosha.

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kila mjumbe wa kamati itakayosimamia kazi hii aifanye mara moja kwa mkono wake. Chukua hekta moja na kina cha sentimita 30. Ikiwa kila sentimita ya ujazo ya udongo ina uzito wa gramu 1.3, udongo wote huo una uzito wa tani 3,900. Kaboni ikiwa ni asilimia 0.8 ya uzito huo, hekta hiyo ina tani 31.2 za kaboni; ikipanda hadi asilimia 0.9, inakuwa na tani 35.1. Nyongeza ni tani 3.9, na ukizidisha kwa 3.67, ambao ni uwiano wa uzito wa hewa ukaa kwa kaboni iliyomo ndani yake, unapata tani 14.3 za hewa ukaa. Moja ya kumi ya asilimia inasikika kuwa kitu kidogo, lakini huchukua miaka mingi kupatikana, na plau na moto vinaweza kuipoteza kwa haraka kuliko ilivyokusanywa.

Kuna jambo lingine ambalo husahaulika katika mijadala mingi ya kilimo rafiki kwa mazingira. Mboji iliyokomaa ina takribani sehemu 12 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Ili tani 3.9 za kaboni zitulie udongoni, zinahitajika kilo 325 hivi za naitrojeni, na naitrojeni hiyo lazima itoke mahali fulani: samadi, mbolea ya viwandani, au mimea jamii ya mikunde kama mbaazi, kunde na fiwi. Udongo uliochoka haujazwi kaboni kwa mabua matupu. Anayewaambia wakulima waache mbolea kabisa na papo hapo anawaahidi kaboni nyingi anawaahidi mambo mawili yasiyokaa pamoja, isipokuwa kama amepanga samadi na mikunde itatoka wapi.

Udongo nao hautofautiani kwa rangi tu. Wasukuma wana majina yao: luseni ni mchanga wa juu ya miinuko, itogolo ni wa mteremkoni, na mbuga ni udongo mzito mweusi wa bondeni. Mfinyanzi wa mbugani hushika kaboni nyingi kuliko luseni, hata mashamba yote mawili yakilimwa kwa namna moja. Halmashauri isiweke lengo moja kwa kata zote. Itumie majina haya ya wenyeji kugawa maeneo, kwa sababu mkulima anayajua bila ramani.

Somo la Uluguru, Kondoa na Shinyanga

Kabla ya kuandika kifungu chochote, kamati ifahamu kwamba nchi hii imekwisha kujaribu kuhifadhi udongo kwa nguvu ya dola, na matokeo yake yanajulikana. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Watu walitumikishwa siku nyingi kwa kazi ambayo hawakuona imewaongezea chakula.

Baada ya uhuru, mwaka 1973, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa iondoke katika eneo lililomomonyoka, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,250. Uoto ulirudi, na makorongo mengi yakatulia. Lakini wenye mifugo waliihamishia kwingine, kwa hiyo sehemu ya mzigo ilihamia kwenye malisho ya watu wengine, na kaya zilizobaki zikakosa maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia. Ilibidi baadaye mlango ufunguliwe kwa ufugaji wa ndani, ambapo ng'ombe wachache hukatiwa majani na kulishwa bandani.

Shinyanga ilikwenda njia nyingine. Miti ya huko ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwanza ili kuangamiza mbung'o, kisha kupisha pamba, na kuhamishwa kwa watu katika vijiji vya miaka ya 1970 kukavunja utaratibu wa zamani wa kutunza malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 kwa msaada wa Norway na baadaye utafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, haukuanza na miche ya kigeni. Ulifufua ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zikue, kisha kufunguliwa kiangazi kwa ng'ombe dhaifu, ndama na ng'ombe wa kulimia. Kulikuwa na ngitili za kaya na ngitili za kijiji. Kanuni zilipitishwa katika dagashida, baraza la jadi la wenyeji, na sungusungu wakazisimamia, huku halmashauri zikizipa baadhi nguvu ya sheria ndogo. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na hekta zipatazo 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Tofauti ya Kondoa na Shinyanga ndiyo msingi wa hatua zinazofuata. Kondoa mfugaji aliambiwa aondoke. Shinyanga alihakikishiwa majani mwezi Septemba.

Anza na kalenda ya mabua

Kazi ya kwanza ya kamati ni kujua masalia ya shamba huenda wapi, mwezi kwa mwezi. Chagueni kitongoji kimoja, tembeeni kaya kwa kaya kuanzia Juni, na muulize maswali ya wazi: nani analisha hapa, nani anabeba mabua kwa ajili ya kuni au kuezekea, nani anachoma moto na kwa nini, nani anakodi shamba na kwa muda gani. Majibu yatawashangaza wengi waliodhani wanakijua kijiji chao. Mara nyingi mtu wa kwanza kuumizwa na katazo la mifugo ni mama asiye na shamba kubwa, mwenye mbuzi watano wanaoishi kwa mabua ya wengine, wala si tajiri wa ng'ombe mia mbili. Sera isiyomwona huyo itavunjwa usiku, na watakaoivunja watakuwa na haki ya kulalamika.

Swali la ukodishaji lisipitwe haraka. Anayekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kupanda mbaazi, kuchimba makinga maji wala kuacha mabua, kwa kuwa faida itavunwa na mwingine. Na mwenye shamba huogopa kukodisha miaka mingi asije akaambiwa ardhi si yake tena. Serikali ya kijiji inaweza kupunguza hofu hiyo kwa kitu kidogo sana: fomu moja ya mkataba wa ukodishaji wa miaka mitatu au zaidi, inayotaja mipaka, mmiliki na wajibu wa mpangaji kwa udongo, ikashuhudiwa na Mtendaji wa Kijiji na nakala yake ikatunzwa ofisini. Pamoja na hilo, vijiji vyenye hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 vihimize majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili, kwa sababu anayeamua mabua yachomwe au yaachwe huweza kuwa mwanamke, ilhali anayeitwa kwenye mafunzo ni mumewe.

Tenga malisho kabla ya kukataza malisho

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji nafasi ya kupanga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na hifadhi. Mpango huo ndio mahali pa kuandika ngitili za kijiji, njia za mifugo kwenda majini na mashamba yatakayofungwa baada ya mavuno. Malisho yakivuka mpaka wa kijiji, kama yanavyovuka karibu kila mahali penye wafugaji, vijiji jirani vifanye mpango wa pamoja. Kijiji kimoja kikifunga mashamba yake peke yake, kinawasukumia majirani tatizo lake, na hiyo ni Kondoa tena kwa kipimo kidogo.

Mtaalamu wa ardhi atataka kuanza na ramani ya setilaiti, na ni sawa aje nayo. Hata hivyo, waacheni wazee wa pande zote mbili, wakulima na wafugaji, wachore kwanza kwa fimbo mchangani njia ambazo ng'ombe walipita kabla hazijazibwa na mashamba. Migogoro mingi ya mabua huanzia kwenye njia iliyozibwa.

Andika sheria ndogo fupi

Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikiwa wananchi wameshirikishwa kupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji na Baraza la Madiwani la wilaya limeidhinisha. Mshirikisheni mwanasheria wa halmashauri tangu rasimu ya kwanza, kwa sababu rasimu nyingi hukwama mezani kwake zikiwa zimepitishwa na kijiji kwa shangwe. Iwe fupi kiasi cha kusomwa yote mkutanoni na kueleweka. Mfano wa kifungu cha msingi ni huu:

"Mwanakijiji yeyote anaweza kuomba shamba lake litangazwe kuwa shamba la hifadhi, kwa kuliandikisha kwa Mtendaji wa Kijiji na kuliwekea alama. Kuanzia siku ya mwisho ya mavuno itakayotangazwa na Halmashauri ya Kijiji hadi tarehe 30 Novemba, hakuna mtu atakayeingiza mifugo, atakayeondoa masalia ya mazao wala atakayewasha moto katika shamba la hifadhi bila idhini ya mwenye shamba. Halmashauri ya Kijiji haitaandikisha shamba la hifadhi litakaloziba njia ya mifugo iliyomo katika mpango wa matumizi ya ardhi."

Angalieni mambo matatu katika maneno hayo. Kujiandikisha ni hiari, kwa hiyo sheria huanza na wanaotaka na kuongezeka kadiri majirani wanavyoona matokeo. Idhini ya mwenye shamba inabaki, kwa hiyo anaweza kumruhusu mfugaji aingie kwa makubaliano ya samadi, kwa mfano kulaza ng'ombe shambani usiku kadhaa, na hapo mabua yanarudi kama mbolea. Na njia ya mifugo imelindwa katika kifungu kile kile kinachomzuia mfugaji, ili asiambiwe haki zake zitashughulikiwa baadaye.

Faini iwe ndogo na ya hakika kuliko kubwa isiyotozwa. Iingie katika akaunti ya kijiji na isomwe katika Mkutano Mkuu, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, pamoja na matumizi yake. Nimewahi kukaa katika mkutano ambapo mzee mmoja alisimama akauliza swali moja tu, "Faini ya mwaka jana ilinunua nini?", na kwa kuwa hapakuwa na jibu, ajenda ya hifadhi iliishia hapo, ingawa kila aliyekuwepo alikuwa ameukubali ubaya wa mmomonyoko. Mgogoro wa mpaka au wa uharibifu uanzie kwenye usuluhishi wa Baraza la Ardhi la Kijiji, kabla pande mbili hazijapeana majina mabaya.

Kisha bajeti, kwa lugha ya afisa mipango

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini fedha zake huamuliwa mapema zaidi. Kijiji kinachowasilisha maombi mwezi Machi kimechelewa; Baraza la Madiwani huwa limekwisha kujadili rasimu mnamo Januari na Februari. Vipaumbele viibuliwe vijijini kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo kati ya Agosti na Oktoba, vipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, na vifike kwa afisa mipango vikiwa na kiasi, gharama na kifungu cha sera vinavyokitekeleza.

Hilo la kifungu cha sera lina uzito, kwa sababu ombi lisilo na nanga hukatwa la kwanza. Nanga zipo. Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai ulizinduliwa Novemba 2023. Mchango wa Tanzania katika Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, uliowasilishwa mwaka 2021, unataja kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Katika Azimio la Nairobi la Mei 2024 kuhusu mbolea na afya ya udongo, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kurejesha afya ya udongo katika angalau asilimia 30 ya ardhi iliyochakaa ifikapo 2034. Maneno hayo makubwa hayalimi shamba, lakini yakinukuliwa ipasavyo katika kitabu cha bajeti yanailinda kasma ya milioni chache isihamishiwe kwenye matumizi mengine.

Fedha yenyewe itoke wapi? Ushuru wa mazao unatokana na udongo huu huu, na ni haki sehemu yake irudi. Baraza la Madiwani liazimie kwa maandishi kwamba fungu fulani la ushuru unaokusanywa katika kata litatumika kwa udongo wa kata hiyo. Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilitunga kanuni za mfuko wake wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2015 na kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo, huku kamati za wadi zikichagua miradi. Utaratibu huo uliungwa mkono na kaunti nyingine, na hatimaye ukawa kielelezo cha mpango wa nchi nzima. Asilimia 1 iliyoandikwa katika sheria ni imara kuliko ahadi ya asilimia 10 iliyosemwa jukwaani.

Njia ya pili haitumiki vya kutosha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa ili kinunue majembe ya kuchana udongo yanayokokotwa na ng'ombe, kikawa kinachana mistari ya kupandia katika mashamba ya wengine kwa malipo, bila kupindua udongo wote kama plau inavyofanya. Kikundi cha wanawake kinaweza kuzalisha mbegu za mbaazi na fiwi, ambazo uhaba wake ndio huwakwamisha wakulima wengi wanaotaka kuchanganya mikunde na mahindi. Maafisa maendeleo ya jamii wapewe orodha ya biashara za namna hii, kwa kuwa vikundi vingi huomba mikopo kwa mawazo yale yale ya bodaboda na saluni.

Kuhusu ugani nitasema kwa kifupi. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki, na halmashauri zikapata vipima udongo. Mafuta na matengenezo ya pikipiki hizo yawe katika bajeti, la sivyo zitasimama. Na afisa apimwe kwa hekta zilizofunikwa, asipimwe kwa idadi ya mafunzo aliyoyaandika kwenye ripoti.

Pima kifuniko kila mwaka, kaboni kila baada ya miaka mitano

Kaboni ya udongo hubadilika polepole, na tofauti kati ya sehemu mbili za shamba moja inaweza kuzidi badiliko la miaka mitatu. Kuipima kila mwaka ni kupoteza fedha na kujidanganya. Kinachopimika kila mwaka ni kifuniko, na kifaa chake ni kamba. Chukua kamba ndefu, ifunge mafundo 100 yaliyo mbali kwa umbali sawa, ivute kwa mshazari kukata mistari ya shamba, kisha tembea ukihesabu mafundo yaliyoangukia moja kwa moja juu ya bua, jani au mmea ulio hai. Ukipata mafundo 34, shamba limefunikwa kwa asilimia 34. Rudia mara tatu au nne sehemu tofauti na uchukue wastani. Kilimo hifadhi huhesabu asilimia 30 kuwa kiwango cha chini. Kazi hii ifanywe mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, wakati udongo uko katika hali yake mbaya kuliko zote. Wanafunzi wa sekondari ya kata wanaweza kuifanya vizuri kabisa.

Kwa kaboni yenyewe, chagueni mashamba machache yanayowakilisha luseni, itogolo na mbuga, nusu yawe ya hifadhi na nusu yanayolimwa kama zamani. Chukueni sampuli kati ya sentimita 0 na 15, na kati ya 15 na 30, mchanganye vijishimo kadhaa vya kila shamba, mwandike mahali halisi kwa GPS, na mpime pia uzito wa udongo kwa ujazo kwa kutumia pete ya chuma, kwa sababu bila uzito huo asilimia ya kaboni haigeuki kuwa tani. Maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kituo cha Mlingano mkoani Tanga, na ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo zinaweza kupima. Baada ya miaka mitano rudini mahali pale pale, mwezi ule ule, kwa njia ile ile ya maabara. Hifadhini kiasi cha udongo wa mwaka wa kwanza kikiwa kikavu ndani ya chupa yenye jina, ili kipimo kikitiliwa shaka kirudiwe.

Kwa ajili ya mkutano wa kijiji kuna jaribio la dakika kumi. Leta donge kavu kutoka shamba lililolimwa kwa plau miaka mingi na lingine la udongo wa aina hiyo hiyo kutoka ndani ya ngitili, uyatumbukize katika bilauri mbili za maji mbele ya watu. La kwanza kwa kawaida humeguka upesi na maji kuwa tope; la pili hukaa na umbo lake, maji yakabaki maangavu. Hakuna slaidi inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Soko la kaboni liwe la mwisho

Halmashauri nyingi sasa hutembelewa na kampuni zinazotaka kununua kaboni ya wakulima, na madiwani wamesikia habari za vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vilivyopata fedha kutokana na misitu yao. Udongo wa shamba ni jambo jingine. Msitu wa kijiji ni eneo kubwa la mmiliki mmoja, ilhali mashamba ni maelfu ya wamiliki wenye ekari mbili tatu. Mradi wa Kaboni ya Kilimo wa magharibi mwa Kenya, uliosimamiwa na shirika la Uswidi la Vi Agroforestry kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, ulilenga wakulima wapatao 60,000 katika hekta 45,000, na hati zake za kwanza, zilizotolewa mwaka 2014, zilikuwa za tani 24,788 za hewa ukaa. Gawanya utakavyo, fungu la mkulima mmoja haliwezi kumlipia ada ya mtoto. Wakulima wale walinufaika zaidi kwa mavuno na kwa vikundi vyao vya kuweka akiba.

Kuna mgongano ambao madiwani wanapaswa kuuelewa mapema. Viwango vya soko kwa kawaida hutaka kaboni iwe ya nyongeza, yaani isiwe imetokana na jambo ambalo sheria tayari inalilazimisha na linatekelezwa. Mwekezaji anaweza hata kupendekeza sheria ndogo icheleweshwe. Ushauri wangu ni kutokubali. Udongo uliolindwa kwa sheria ya kijiji una thamani kuliko malipo yanayoweza kukoma bei ikishuka, na hiari ya kuandikisha shamba katika kifungu cha mfano hapo juu inaacha nafasi ya majadiliano.

Kampuni ikija, ielekezwe kwanza kwenye kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kisha ijibu kwa maandishi na kwa Kiswahili: mkataba ni wa miaka mingapi, mkulima akifa au akiuza shamba inakuwaje, kaboni ikipotea kwa ukame nani analipa, takwimu za shamba ni mali ya nani, na mgawo wa kijiji unahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama za kampuni. Swali hili la mwisho liulizwe mara mbili. Kenya imeandika katika sheria yake, iliyorekebishwa mwaka 2023, kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato katika miradi ya ardhi, na hata huko mjadala mkubwa ni neno "mapato" linaanzia wapi. Mkataba usisainiwe siku uliyosomwa. Upite Mkutano Mkuu mmoja kwa kusomwa na wa pili kwa kuamuliwa, mwanasheria wa halmashauri akiwepo.

Kijiji kinachoanza Juni kwa kalenda ya mabua kinaweza kuwa na rasimu ya sheria ndogo Agosti, maombi ya bajeti kwa kata kabla ya Oktoba kwisha, na idhini ya Baraza la Madiwani kabla ya mavuno yanayofuata. Katika mwaka wa kwanza wa sheria hiyo msitafute hekta nyingi. Andikisheni kaya ishirini zilizo jirani, ili mashamba yao yafanye kipande kimoja kinacholindika, na mwishoni mwa Oktoba mpite na kamba katika mashamba hayo na mengine ishirini yasiyoandikishwa. Hesabu za mafundo za pande zote mbili zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, chini ya taarifa ya mapato na matumizi.